Bwana Rula: Maisha ya Mzee Zefania Kefa Msengi (1951–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji, ndugu wa Ulemo, majirani wa Utemini na Mandewa mliosafiri tangu alfajiri, poleni kwa njia na poleni kwa msiba. Ratiba mliyoshika ina picha mbili kwenye ukurasa wa mwisho. Tunaomba msizifungue kwanza. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka ziwekwe hapo, na ili mjue kwa nini, inabidi kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Mzee Zefania Kefa Msengi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapahapa Ulemo, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kefa Msengi na Mama Tabitha. Alizaliwa ndani ya tembe la baba yake, lililokuwa pale palipo na shamba la alizeti sasa. Alikuwa na miaka tisa alipomwambia baba yake kwamba ukuta wa upande wa mbuzi umeinama. Mzee Kefa akamjibu, "Iliyoinama ni shingo yako. Ukuta huu nimeujenga wewe hujazaliwa." Mtoto hakubisha. Alifunga jiwe kwenye kamba, akaining'iniza kutoka darini, akaenda zake kuchunga. Kamba ile ilikaa hapo wiki nzima na kila aliyepita aliona jinsi ukuta unavyoikimbia. Mvua za mwaka ule upande ule ukalala chini, kwa bahati mbuzi wakiwa malishoni. Mzee Kefa alikaa siku mbili bila kusema naye. Siku ya tatu akamwita: "Njoo na kamba yako. Tunaanza upya."

Alisoma shule ya msingi hapa Ulemo kuanzia mwaka 1959, kisha shule ya kati, na mwaka 1967 akaenda sekondari Dodoma. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumwadhibu kwa kuchora madarasa pembezoni mwa daftari. Baada ya kulitumikia Taifa jeshini kwa mwaka mmoja, alijiunga na Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, mwaka 1973, akahitimu usanifu majengo mwaka 1976. Katika familia yetu alikuwa wa kwanza kufika chuo, na alirudi na vitu viwili ambavyo hapa Ulemo hakuna aliyekuwa navyo: ubao wa kuchorea na kamera ya mtumba aina ya Zenit. Mama yake aliigusa ile kamera, akauliza kama ndiyo cheti chenyewe.

Mwaka 1977 aliajiriwa kama msanifu majengo katika ofisi ya ujenzi ya mkoa, Singida mjini, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alichora zahanati, madarasa na nyumba za walimu kuanzia Iramba mpaka Itigi. Baadhi yenu mmejifungulia ndani ya michoro yake na wengine mmechapwa fimbo humo. Hiyo ilikuwa kazi ya mwajiri. Kazi yake mwenyewe aliifanya Jumamosi.

Kila Jumamosi asubuhi alitoka na kamera kwenda mitaa ya zamani ya katikati ya mji, hasa Mtaa wa Washonaji. Wakati ule pale palikuwa na maduka marefu yenye baraza mbele, kuta za tofali mbichi juu ya msingi wa mawe, nguzo za mbao, na milango ya mbao za kupanga ambazo mwenye duka alizitoa moja moja asubuhi na kuzirudisha moja moja jioni. Mzee Zefania aliona majengo yale hayatakaa. Hakuwa na uwezo wa kuyazuia yasianguke, wala hakujifanya anao. Alisema msanifu anaweza kufanya jambo moja: kulichukua jengo kwenye karatasi kwa namna ambayo mtu wa kesho akitaka kulisimamisha tena, atajua kila kitu kilikuwa na urefu gani.

Ndiyo maana akatengenezewa rula. Rafiki yake, fundi seremala Melkiori, ambaye tuko naye hapa leo, aliranda ufito wa mninga wa mita mbili, akaupaka nyekundu na nyeupe kwa zamu, kila rangi sentimita ishirini, nyekundu ikianzia chini. Ufito ule ukisimama mlangoni na picha ikapigwa, mlango umeshapimwa, na kutoka kwenye mlango unapima nguzo, baraza, hata bati. Ila rula haisimami yenyewe. Ilihitaji mtu. Kwa hiyo Mzee Zefania alimwomba yeyote aliyekuwa karibu: mwenye duka, mteja, muuza karanga, mama aliyepita na ndoo. Mtaa mzima ukamwita Bwana Rula.

"Bwana Rula, leo unapima mlango au unanipima mimi?"

"Mlango. Wewe simama tu, na usicheke, rula inatikisika."

Picha aliziosha mwenyewe kwenye stoo ya nyumba yake Utemini, na nyuma ya kila moja aliandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kuchora ambao hata mtoto wa darasa la pili aliusoma: mtaa, tarehe, kimo cha mlango, unene wa ukuta, aina ya tofali, aina ya mbao. Mwaka 2009 mwenye duka mmoja, ambaye baraza lake lilibomoka kwa mvua, alikuja kuomba msaada. Mzee Zefania akatoa picha ya mwaka 1983, akahesabu rangi za rula, akamchorea. Nguzo ziliposimama, fundi alipima akakuta zimepishana na za zamani kwa sentimita mbili tu. Siku ile Mzee alirudi nyumbani anapiga mluzi, na yeye hakuwa mtu wa mluzi.

Rula hiyohiyo ndiyo iliyompa mke. Mwaka 1980 Leah, binti wa Mzee Manase wa Kiomboi, alikuwa anajifunza cherehani katika duka moja la Mtaa wa Washonaji. Cherehani yake ilikaa karibu kabisa na mlango.

"Dada, nishikie rula."

"Mimi si mlingoti."

"Dakika moja tu."

"Nina nguo ya watu hapa."

Hakuinuka. Alitoa mkono mmoja nje ya mlango, akaishika rula, na mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Picha ipo: mlango, rula, na mkono wenye uzi uliozungushwa kidoleni. Jumamosi iliyofuata alirudi. Leah akamuuliza, "Picha imeungua?" Akasema, "Haikuungua. Nimekuja tu." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 katika kanisa la Kilutheri hapa Ulemo, na Mungu akawajalia watoto watatu: Abraham, Ritha na Manase. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu na miezi minane. Waliogombana nao ni majirani tu, kwa sababu ya harufu ya dawa za kuoshea picha.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe hata kama mchungaji ataona muda umekwisha.

Mwezi Machi 2019 wageni kutoka Dodoma, watu wanaoshughulika na kumbukumbu za miji, walimwomba picha zake zote zihifadhiwe. Alifurahi sana, akakubali, akaanza kuzipanga kwenye masanduku. Kabla hawajarudi kuzichukua, akaja mama mmoja anaitwa Redempta, wa Mandewa. Mama yake alikuwa amefariki siku mbili kabla, na familia haikuwa na picha yake hata moja ya kuweka kwenye jeneza. Ila mtu alikumbuka kwamba Bwana Rula aliwahi kumsimamisha.

Mzee Zefania akamuuliza, "Jengo gani?"

"Jengo silijui, baba. Namjua mama."

Walikaa sebuleni saa tatu nzima, chai ikapoa, wakipekua sanduku moja baada ya lingine. Redempta akaiona. Mwanamke wa kitenge, ameishika rula kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa bendera, anajizuia kucheka. Redempta alilia mpaka Mama Leah akamshika mabega. Alipotulia aliigeuza picha akasoma nyuma. "Duka, Mtaa wa Washonaji, Julai 1986. Mlango mita mbili nukta sifuri tano. Ukuta tofali mbichi, sentimita arobaini na tano. Mbao mninga." Akasoma tena. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa:

"Mzee wangu, mama yangu hapa ameandikwa wapi?"

Mzee Zefania alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kidole kabla ya kujibu. Siku ile aligonga muda mrefu.

"Sikumwandika," akasema. "Niliandika mlango."

"Anaitwa Scholastika."

Akachukua penseli, akaiandika, S mpaka A, juu ya vipimo vyote. Redempta alipoondoka, Mzee alifungua masanduku yote, akageuza picha moja moja mpaka mwanga wa dirishani ukaisha. Picha zenye watu zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Jina lilikuwa moja, la Scholastika, ambalo wino wake, kama penseli ingekuwa na wino, ulikuwa haujakauka. Hata mkono wa Leah alikuwa ameuandika hivi: "Cherehani iko upande wa kushoto wa mlango."

"Mama Abraham," akamwambia mkewe, "mimi nimefanya nusu kazi."

Wageni wa Dodoma waliporudi aliwakatalia. Wakamsihi, wakamwambia majina yanaweza kutafutwa baadaye. Akawaambia, "Nani atayatafuta? Nyie hamwajui na wanaowajua wanakufa. Zikienda hivi, watu hawa watabaki kuwa vishikio vya rula miaka mia." Akaahidi kuwapa picha zote siku jina la mwisho litakapopatikana, wala si kabla.

Hivyo akiwa na miaka sitini na saba akaanza upya, kama alivyoanza na kamba yake. Jumamosi alirudi mtaani, safari hii bila kamera, amebeba albamu. Alikaa kwenye baraza la kinyozi, akamfunulia kila aliyeonekana mzee. Mji ulikuwa umebadilika, maduka mengi yameota ghorofa, lakini watu walikuwapo, na waliofariki walikuwa na watoto, na watoto walikuwa na simu. Mwezi wa kwanza alipata majina kumi na tisa. Wengine waliokuja walikuta sura zao wenyewe za ujana, wakacheka mpaka wakaomba maji.

Mara moja familia mbili ziligombea mtu mmoja, bwana mwenye kofia ya bulibuli aliyesimama mlango wa duka la chumvi.

"Huyu ni baba yetu."

"Baba yenu alikuwa na masikio hayo?"

"Masikio ya baba yetu yamekukosea nini?"

Mzee Zefania aliwaacha waseme, kisha akauliza upande wa kwanza baba yao alikuwa na kimo gani. Wakajisifu kwamba alikuwa akiinama kwenye kila mlango wa mji huu. Akahesabu rangi. Kichwa cha yule bwana kiliishia nyeupe ya nne. Sentimita mia na sitini. "Huyu hajawahi kuinama popote," akasema, na hata waliokosa wakacheka. Tangu siku ile rula iliyopima milango ikawa inapima watu, na marehemu alisema angejua mapema angeiheshimu zaidi.

Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka 2008, na alikibeba bila manung'uniko. Mwaka 2022 kikamla macho. Tulidhani kazi itaishia hapo. Yeye hakudhani. Mama Leah akawa macho yake, wakikaa mchana kwenye ngazi za nyuma, upepo wa Singida ukijaribu kuwanyang'anya picha.

"Mwanamke, kitenge, hana viatu."

"Kichwa kinaishia wapi?"

"Katikati ya nyeupe ya nne."

"Mlango?"

"Mbao za kupanga. Ya tatu imepasuka."

"Huyo yupo kwa muuza taa. Nyumba ya pili ilikuwa na binti anasuka. Mpigie Melkiori."

Alikuwa kipofu na alikuwa anautembea mtaa mzima, mlango kwa mlango, bila kukosea. Kufikia Juni mwaka huu majina yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Zilibaki picha tatu: bwana mwenye kofia pana ambayo kivuli chake kimemficha uso, mama mwenye ndoo aliyejitikisa picha ilipopigwa, na msichana aliyegeuka nyuma wakati uleule, akabakiza kisogo, sikio moja na hereni.

Mwezi Julai figo zilianza kushindwa. Alilazwa hospitalini mjini Singida mara mbili, na mara ya pili, tarehe 30 Agosti, alijua hatarudi Utemini. Aliwaita mkewe, watoto wake na mdogo wake, Bibi Yunisi, akaongea kwa sauti ya kawaida, kama anayegawa kazi ofisini.

"Msiba wangu utakuwa na watu. Wazee wa mtaa ule watakuja, hata wale wasiotoka ndani. Hamtawapata tena mahali pamoja. Zitundikeni zile tatu kwenye turubai, na zitakazobaki bila jina ziwekeni mwisho wa ratiba."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Mama Leah akiwa ameshika mkono wake wa kulia, ule wa penseli.

Hatutaficha kwamba jambo la picha lilileta maneno. Bibi Yunisi alimpenda kaka yake kuliko wote, na alisema msiba si ubao wa matangazo.

"Wifi, ni yeye aliyesema," Mama Leah akamjibu.

"Alikuwa anaumwa."

"Alikuwa anaumwa figo. Akili ilikuwa nzima."

Zikatundikwa. Jumatano watu waliziangalia wakatikisa vichwa. Jana asubuhi vilevile. Bibi Yunisi kila alipopita chini yake alizitazama kama mtu anayesubiri zishuke.

Jana Alhamisi mchana, gari la kumleta marehemu huku likiwa linaandaliwa, akaja Bibi Rukaiya wa Mandewa pamoja na akina mama wenzake. Alitoa pole, akakaa mkekani, akanywa maji, akainua macho.

"Huyo ni Stumai."

Bibi Yunisi akamuuliza, "Unamjua mtu kwa kisogo?"

"Kisogo hicho nilikisuka mimi. Ni mdogo wangu. Na aligeuka kwa sababu nilimwita. Uji ulikuwa unamwagika jikoni na yeye amesimama anashika fimbo ya watu."

"Yuko wapi sasa?"

"Itigi. Ana wajukuu."

Akatoa simu, akapiga palepale, sauti ikawekwa wazi.

"Stumai, unakumbuka kushika rula ya yule bwana wa Mtaa wa Washonaji?"

"Nakumbuka. Si uliniita wewe, nikamharibia picha? Nilimwomba radhi. Akaniambia haikuharibika, mlango umetoka vizuri."

Bibi Rukaiya akatazama juu kwenye turubai.

"Basi leo umetoka na wewe."

Watu walicheka msibani, na hatuoni haya kulisema. Aliyeinuka kuchukua penseli alikuwa Bibi Yunisi. Aliishusha picha mwenyewe, akaigeuza, akauliza jina kamili la baba yao, akaandika polepole, kisha akakaa chini akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Marehemu ameacha mjane, Mama Leah. Watoto watatu, Abraham, Ritha na Manase. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Mdogo wake Bibi Yunisi. Na rafiki yake Melkiori, ambaye asubuhi ya leo amelipima kaburi kwa rula ileile na kukataa kabisa futi kamba ya vijana. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, usharika, majirani wa Utemini, na wote waliobeba maji, kuni na sufuria.

Sasa fungueni ukurasa wa mwisho. Huyo wa kushoto ni bwana mwenye kofia. Alikuwa mrefu, kichwa kinafika karibu na mwisho wa nyekundu ya tano. Mlango ni wa duka la vitambaa, Oktoba 1984. Wa kulia ni mama mwenye ndoo, Mtaa wa Washonaji, Februari 1988. Uso umetikisika lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kovu na kinaonekana wazi. Mwangalieni bila haraka. Mpelekeeni bibi aliyebaki kwenye gari. Abraham amekaa kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, penseli imechongwa. Mwenye kujua asione haya kusema hata kama udongo umeshaanza kurudishwa. Majina hayo mawili yakipatikana, masanduku yataondoka kwenda Dodoma kama alivyoahidi, na kazi yake itakuwa nzima.

Picha iliyo mbele ya ratiba ni ya mwaka 1994, na haikuwamo kwenye masanduku. Ndiyo pekee ambamo yeye ameshika rula, na aliyempiga picha ni Mama Leah. Jana alitaka aioneshwe kabla haijapelekwa kuchapishwa. Akaigeuza akakuta nyuma ni nyeupe tupu, kwa sababu mwenye kuandika alikuwa upande wa mbele. Akaomba penseli. Yapo maandishi mawili sasa. La kwanza ni Zefania Kefa Msengi. La chini yake ni "Mlango haukupimwa."

Apewe pumziko la amani, kwa jina lake kamili.